Pakeri ya Lwahando

Wako watu mpaka leo hapa Bukavu wanaodhani kwamba kisima cha gazi kinafungwa kwa juu, kama chupa ya kasiksi, pombe yetu ya ndizi, na kwamba aliyekifunga kile cha Lwahando alikuwa mlevi au mvivu. Constantin Cishugi, fundi aliyekifunga, hakuwa mlevi wala mvivu. Kisima kile kilizibwa chini kabisa, ndani ya ardhi, kwa chuma ambacho watu wa kazi walikiita pakeri, na Constantin aliijua pakeri kuliko alivyoijua rozari yake.

Pakeri ni bomba fupi lililovalishwa mapete ya mpira kiunoni, na juu na chini ya mipira hiyo lina meno ya chuma. Inashushwa ndani ya bomba kubwa la kisima ikining'inia kwenye bomba jembamba. Ikifika mahali pake inazungushwa, inakandamizwa kwa uzito, na meno yanatoka na kuuma ukuta wa bomba kubwa. Hapo mipira inabanwa, inatanuka, inagusa ukuta pande zote. Kuanzia siku hiyo gazi haina njia nyingine ila kupanda ndani ya bomba jembamba, ambako kuna vane ya kuifungulia na kuifungia. Meno yanashika, mpira unaziba. Kimoja bila kingine ni kazi bure.

Pale Lwahando pakeri ilikuwa na kazi ya ziada. Bomba kubwa lilikuwa limeliwa na kutu karibu na uso wa ardhi, limetobokatoboka. Gazi ikiipita pakeri ingefika kwenye matundu yale, ingeingia udongoni na kutokea popote ilipotaka. Na gazi ya Kivu si ile ya kuwaka peke yake, ambayo ni nyepesi na hupanda kupotea hewani. Imechanganyika na nyingine, nzito, isiyo na rangi wala harufu, inayotambaa chini na kujaa mabondeni. Wazee wetu waliiita mazuku, upepo mbaya, kabla injinia yeyote hajaja na vipimo vyake. Mazuku haikohozeshi mtu. Mbuzi anainamisha kichwa kula majani, na hapo hapo analala, haamki tena.

Nyumba ya kwanza bondeni, chini tu ya kisima, ilikuwa ya mama yake Constantin.

Lazima nieleze jambo moja, maana wageni hawalijui na watoto wa mjini wanajifanya wamelisahau. Kwetu Bashi ardhi haikuwa kitu cha kununua na kusahau. Baba yake Constantin aliipata yake kwa kalinzi: alimpelekea mwami, mfalme wetu, ng'ombe, mwami akampa shamba, liwe lake na la watoto wake na la wajukuu wake, mradi wakae. Mradi wakae, ndipo penye mwiba. Nyumba isiyotoa moshi ni nyumba iliyohamwa, na shamba lililohamwa linarudi kwa mwami, na kapita wa mwami, msimamizi wake wa ardhi, huwa anajua atakayempa hata majivu hayajapoa. Constantin alikuwa mtoto pekee aliyebaki hai, na alikuwa anakaa mjini, Kadutu, na mkewe Delphine. Kwa hiyo mama Séraphine alibaki Lwahando peke yake, kati ya migomba ambamo mume wake na watoto wake wengine walikuwa wamezikwa. Kazi yake, ukiacha maharage na kuku, ilikuwa kuhakikisha kwamba kila asubuhi moshi unatoka kwenye paa lake na kapita anauona.

"Mama, moto isizime," Constantin alimwambia kila alipoaga. "Siku nitaacha kazi, mimi nitarudia huku."

"Itazima namna gani, na mimi niko?" mama alikuwa akijibu, na kumcheka. "Wewe angalia mashini yako. Mimi nitaangalia mafiga yangu."

Kapita alikuwa mtu mmoja anaitwa Ntaboba, mpole wa maneno, mwenye kofia ya kizungu iliyoota ukungu. Tangu kisima kichimbwe, mashamba ya ukingo wa ziwa yalianza kutamaniwa na wakubwa, na Ntaboba alianza kupita pita. Hakumsumbua mtu. Alikuwa akisimama juu ya njia, anatazama mapaa, anaendelea na safari yake.

Mwisho wa mwaka 1973 Serikali ilichukua biashara za wageni na kuwapa wananchi. Sosiete, yaani kampuni, ya gazi iliangukia mikononi mwa citoyen Rugenda (citoyen, mwananchi, ndivyo tulivyoitwa sote wakati ule), mtu aliyekuwa na baa mbili na duka la vitenge, na ambaye kisima alikijua cha maji tu. Mzungu aliyeongoza kazi alifunga masanduku yake. Pakeri ilikuwa nje wakati ule, imetolewa kusafishwa, na shimo lilikuwa limejazwa matope mazito ya kazi, yale yanayokalia gazi kwa uzito wake isipande. Lingebaki hivyo mpaka leo, mama Séraphine angekufa na uzee wake, na mimi nisingekuwa na la kusimulia.

Lakini Rugenda alitaka moto. Alikuwa amewaahidi wakubwa wa Chama kwamba tarehe ishirini Mei, sikukuu ya Chama, gazi ya Zaïre iliyotolewa na mikono ya Wazaïre ingewaka mbele ya jukwaa, katikati ya Bukavu. Mipira mipya ya pakeri ilikuwa imeagizwa Ulaya. Wengine walisema iko Matadi, wengine walisema Kalemie, kila mtu alikuwa na bandari yake.

"Citoyen Cishugi," Rugenda alimwambia, amekaa kwenye kiti cha yule mzungu, "sikukuu iko inafika. Gazi iko wapi?"

"Patron, mipira ya zamani ilikauka. Imepasuka yote. Na ile ya mupya haiyafika."

"Basi article quinze."

Sote tuliijua article quinze, kifungu ambacho hakimo katika sheria yoyote na ambacho nchi nzima iliishi kwacho: jitegemee, fanya na ulicho nacho.

"Mupira iko mupira," Rugenda alisema. "Camion iko inatembea na nini? Na mawe?"

"Ile gazi iko inakula mupira ya camion, patron. Pole pole, lakini inakula."

"Itaikula kwa siku ngapi?"

"Sijue. Labda mwezi. Labda hapana."

"Mimi niko nakuomba siku moja." Rugenda aliinama mbele, akashusha sauti, karibu kwa huruma. "Na nikikosa ile siku moja, bakubwa bataniuliza ni nani alikataa. Mimi nitabaambia nini? Ni saboteur?"

Neno hilo, mhujumu, mwaka ule lilitosha. Wako watu waliitwa hivyo siku ya Ijumaa na Jumatatu wake zao walikuwa wanazunguka na sahani za chakula kutoka gereza hadi gereza. Constantin aliogopa, na nani asingeogopa? Lakini sitamtetea kupita kiasi. Alitamani pia. Mzungu alipoondoka alicheka, akasema bila yeye shimo lile halitatoa hata mvuke wa chai, na kicheko kile kilikuwa kimemkaa Constantin rohoni kama mwiba wa samaki wa sambaza kooni. Alitaka kuiona gazi ikipanda, na aipandishe yeye.

Akachukua tairi la lori. Yeye na mwenzake Gérard, mtu wa Walungu aliyefanya naye kazi tangu mwanzo, walilikata mapande, wakayachonga kwenye tour, mashine ya kuchongea ya karakana, mpaka yakawa mapete. Waliivalisha pakeri, wakaijaribu ndani ya kipande cha bomba kwa maji ya pampu. Hata tone halikupita. Lakini maji si gazi, na wote wawili walilijua hilo, na hakuna aliyelisema.

Waliishusha pakeri. Constantin aliweka kiganja juu ya bomba jembamba, kama alivyofundishwa, na alipoizungusha alihisi meno yakiuma chini kule, pigo moja zito lililompanda mpaka begani. Yalishika. Walipoyaosha matope yote, gazi ilipanda kwa sauti ya kitambaa kinachochanwa, na Gérard, mtu mzima na ndevu zake, akalia. Jioni Delphine alipika bugali na kuku, wakala wakicheka.

Pembeni ya kisima palikuwa na manometa, kipimo cha mgandamizo, inayochunga nafasi iliyo kati ya bomba kubwa na bomba jembamba, ile ambayo pakeri inapaswa kuifunga. Sindano yake inatakiwa kulala kwenye sifuri. Siku zilizofuata, wakati mitungi ya chuma ikijazwa gazi kwa ajili ya sikukuu, Constantin aliitazama sindano ile kuliko alivyomtazama mkewe. Ililala. Halafu asubuhi moja ikawa imeinuka, kidogo, unene wa ukucha.

"Labda ni joto," Gérard alisema.

"Joto ya nini, na ni asubui?"

Ikaendelea kuinuka. Constantin aliacha kula. Halafu siku moja kabla ya sikukuu Gérard akaja mbio, anatabasamu. "Imeshuka! Njoo uone. Imerudi chini!"

Constantin aliitazama, akakigonga kioo chake kwa kidole, ikabaki pale pale. Mpira ukishaanza kupitisha hauponi wenyewe. Sindano ilishuka kwa sababu gazi ilikuwa imepata mahali pa kwenda. Ilikuwa imefika kwenye matundu ya kutu, na sasa ilikuwa inatoka, taratibu, ndani ya udongo wa Lwahando.

Alimkuta Rugenda anapimwa suti ya abacost kwa fundi wake. Alimwambia yote. Alimwomba warudishe matope shimoni siku ile ile.

"Mitungi imejaa?"

"Bado miwili."

"Basi wacha ijae. Kesho yake ya sikukuu, utarudisha matope yako yote, hata ukitaka na ya ziwa." Rugenda alinyoosha mkono, fundi akapima kwapa. "Ulisema mwezi, citoyen. Mimi nilikuomba siku moja, na wewe njo ulisema mwezi."

Kutoka hapo Constantin alishuka moja kwa moja kwa mama yake. Alimkuta anachambua maharage mlangoni. Kando ya ukuta palikuwa na kuku wawili waliokufa, amewapanga vizuri.

"Nilifikiri ni ugonjwa ya kuku," mama Séraphine alisema. "Lakini haziharishe."

Constantin aliingia ndani, akachutama, akawasha kiberiti karibu na sakafu. Kiliwaka, lakini ulimi wake ulikuwa mdogo, wa buluu, umelala upande. Alikiinua, ukakua. Alikishusha, ukanywea. Alitoka nje akiwa amelowa jasho.

"Mama, tunaenda Kadutu. Leo."

"Kuna nani amekufa?"

"Gazi iko inatoka. Ni mazuku, mama. Iko inajaa humu bondeni. Ni mimi nilifunga mubaya."

Mama aliacha maharage, akamtazama. Hakumgombeza. Laiti angemgombeza. "Mazuku tunaijua," alisema. "Inakamata kuku, inakamata mbuzi. Batu wakubwa inabaumiza kichwa tu. Na moto yangu?"

"Wacha moto."

"Kapita alipita jana. Alisimama pale juu, akaangalia paa yangu mpaka nikamusalimia. Nikitoka leo, kesho anaingiza mutu."

"Aingize!"

"Na baba yako? Na bandugu zako?" Alionyesha migomba kwa kidevu. "Wewe njo uliniambia moto isizime, Constantin. Kila mwezi, unafika, unasema vile vile. Mimi niliitunza. Sasa unasema izime. Kitu haiwezi kuwa kweli Jumapili na Jumatatu ikuwe uongo."

Alimsihi mpaka sauti ikakauka. Mwishowe wakapatana. Kesho yake ya sikukuu matope yangerudi shimoni, na siku hiyo mama angepanda mjini akae mwezi mzima, na maman Virginie, jirani wa juu ya kilima, angekuja kumwashia moto asubuhi. Mpaka hapo kitanda kitainuliwa juu ya matofali, mlango utalala wazi, na hatachutama ndani bila sababu.

"Na moto ikizima yenyewe," Constantin alisema, amemshika mikono yote miwili, "hata mara moja, usiulize kitu. Toka, panda juu kwa maman Virginie. Umenisikia?"

"Nitapanda."

"Apa kwa Mungu."

"Nyamuzinda ananisikia. Moto ikizima nitapanda kwa Virginie."

Utaniuliza kwa nini hakumbeba mgongoni akaondoka naye. Nimejiuliza hilo miaka yote hii. Mtoto wa kiume wa Kishi hambebi mama yake kwa nguvu mbele ya majirani kama mfungwa. Na tena, ilikuwa siku moja tu. Sisi watu wa nchi ile tulizoea kuvumilia siku moja tu, na siku moja tu, mpaka maisha yakaisha.

Siku ya sikukuu walipangwa mistari tangu alfajiri, kila sosiete na kitambaa chake chenye mwenge wa Chama. Hapakuwa na upepo. Ukungu ulikuwa umelala juu ya ziwa, mzito, na Constantin aliutazama ukungu ule akajua hewa ya bondeni nayo imelala hivyo hivyo. Alimwomba kijana wa ulinzi ruhusa ya kutoka. Kijana akamwonyesha mstari kwa fimbo. Basi akacheza. Watu wazima walikuwa wakicheza wote mwaka ule, walimu, mafundi, mababu, kukata kiuno na kuimba sifa, na aliyecheza kwa uvivu alionekana. Constantin alikata kiuno. Aliimba. Kila alipogeuka kwa zamu ya ngoma alitazama upande wa kaskazini, njia ya Kavumu iendayo Lwahando, ambako hakuna kitu kinachoonekana kutoka mjini.

Halafu wakamwita yeye. Rugenda alitaka fundi wake mwenyewe awashe. Constantin alifungua vane ya mtungi, akasogeza kiberiti, na mwali ukasimama juu ya jukwaa, wa buluu chini, wa manjano juu, mzuri, mzuri sana, siwezi kusema uongo. Umati ukapiga kelele hadi ndege wakaruka. Rugenda akamkumbatia mbele ya watu. Ilikuwa ndiyo saa aliyoiota tangu kicheko cha yule mzungu, na ilimpita bila ladha yoyote.

Aliposhuka jukwaani alimwona kapita Ntaboba. Alikuwa amekaa kivulini mwa ukuta na chupa ya bia, kofia iko gotini, anapiga makofi. Mawazo ya Constantin yalichelewa kidogo kufika, halafu yakafika: leo hakuna mtu anayetazama moshi wa Lwahando. Mama angeweza kuuacha moto ufe siku nzima, na hakuna kapita ambaye angejua. Alitaka kupiga kelele. Mama asingesikia kutoka huko.

Walimwachilia mchana ulipokwisha kusogea. Alipanda lori lililokuwa likirudisha mitungi mitupu, na Gérard alikuwa nyuma. Juu ya njia ya Lwahando alimkuta maman Virginie amesimama na jembe, anatazama bonde.

"Mama yangu iko kwako?" Constantin alipiga kelele hata lori halijasimama.

"Alikuwa."

"Alikuwa namna gani?"

"Alikuja asubui. Alisema moto yake imezima, wewe njo ulimuambia moto ikizima apande kwangu." Virginie aliongea polepole, anayatafuta maneno. "Basi nilimupa kaa ya moto kwa kigae. Akashuka. Akarudia tena, imezima. Nikamuambia, maman Séraphine, ukaa kwanza, ukunywe chai. Akasema hapana, kapita atapita. Nikamupa ingine, ya kubwa, na majani makavu. Alisema kichwa inamuuma kidogo." Aliinua macho. "Ile ya pili sikuona moshi. Nikasema pengine alilala."

Alikuwa amepanda. Alikuwa ametimiza kiapo chake neno kwa neno, mara mbili amefika juu kwenye hewa safi, mara mbili amesimama pale alipokuwa amesimama Constantin sasa, akivuta pumzi nzima nzima. Na mara zote mbili alishuka tena na kaa la moto mkononi, kwa sababu mwanamke wa Kishi ambaye moto wake umezima huenda kwa jirani kuomba moto. Anapanda kwa sababu gani nyingine? Constantin alipomwambia apande kwa Virginie, hakufikiri kabisa kwamba mama alikuwa akipanda kwa Virginie kuomba moto tangu yeye hajazaliwa.

Alivuta pumzi, akaibana, akakimbia kushuka. Mbuzi wa jirani alikuwa amelala njiani, macho wazi. Kwenye mlango hapakuwa na moshi wala sauti. Mama Séraphine alikuwa amepiga magoti mbele ya mafiga, viganja vimeshika ardhi, uso uko chini kabisa kati ya mawe mawili, kama mtu anayepuliza. Alikuwa amejisogeza pale pale ilipo nzito kuliko pote. Kigae kilikuwa mbele yake na lile kaa ndani yake, jeusi, bado lina umbo lake zuri. Midomo yake ilikuwa na majivu.

Alimbeba mgongoni. Hapo hakuna jirani aliyemwona vibaya.

Gérard alirudisha matope shimoni usiku ule ule bila kumwuliza Rugenda, na gazi ikanyamaza. Baadaye walijaribu kuitoa pakeri. Walivuta mpaka mnyororo ukakatika. Meno yalikuwa yameuma bomba vizuri mno, Constantin hakuwahi kusimika meno mazuri kama yale, na pakeri iko kule chini mpaka leo na vipande vya mpira wa lori vilivyoyeyuka kiunoni mwake.

Lakini udongo ulikuwa umekunywa gazi na haukuwa na haraka ya kuitapika. Walipochimba kaburi kati ya migomba, kando ya mume wake, wachimbaji hawakufika mbali. Shimo lilipofika kiunoni vichwa viliwazunguka, mmoja akaanguka, wakamtoa kwa kamba. Padiri alishusha mshumaa kwa uzi, nao ukazima kabla haujafika chini. Akaushusha mwingine, ukazima. Watu wakatazamana. Delphine akaanza kulia kwa sauti, kwa mara ya kwanza tangu msiba uanze, na kusema, hata hapa? Hata hapa? Kwa hiyo mama Séraphine, aliyekaa bondeni maisha yake yote ili asiwaache wafu wake, walimpandisha kilimani wakamzika kwenye makaburi ya misheni, kati ya watu asiowajua.

Matanga yalipokwisha, kapita Ntaboba alikuja. Alivua kofia. Alisema mambo yote yanayotakiwa kusemwa, na nadhani alimaanisha nusu yake.

"Sasa, citoyen," alisema mwishowe, "mwami ataniuliza. Mimi sipendi nimudanganye. Ile nyumba iko na moto?"

Constantin alichukua kiberiti na mzigo wa majani makavu, akashuka peke yake. Ntaboba alibaki juu ya njia, mahali pake pa siku zote, kumsubiri.

Nyumba ilikuwa kama ilivyoachwa. Constantin alisimama mbele ya mafiga, akawasha njiti usawa wa kifua. Iliwaka vizuri. Akaishusha polepole. Usawa wa kiuno ilianza kuinamisha kichwa. Usawa wa goti ikazima, na uzi wa moshi ukalala, haukupanda. Akawasha nyingine. Akawasha majani akiwa amesimama, yakawaka kwa nguvu, akayaweka juu ya mawe, yakafa kana kwamba ameyachovya kwenye maji. Akajaribu tena. Alipoona ncha nyekundu bado iko ndani ya majani, ndogo, inayokaribia kupona, mwili wake ulimwambia kitu cha kufanya, kile ambacho kila mtu aliyelelewa na moto wa mafiga hufanya bila kufikiri. Alikuwa ameshaweka goti moja chini, na mdomo ameukunja tayari kupuliza, alipojitambua.

Alikaa hivyo kitambo. Kichwa kilianza kumgonga. Hakuwa na hakika kwamba anataka kusimama.

Alisimama. Alitoka nje akipepesuka, akapanda kilima akishika nyasi, akafika alipokuwa Ntaboba.

"Iko?" Ntaboba aliuliza.

"Haiko."

Kapita aliitikia kwa kichwa, akavaa kofia yake. Alilitazama bonde kwa muda, lile paa, ile migomba. Halafu akauliza, kwa adabu, kama mikungu ile iliyokomaa Constantin ataikata mwenyewe wiki hii, au aiache kwa mtu atakayekuja.